Kuamua na Kuamuliwa: Nafsi ya Mlemavu katika Methali, Sheria na Riwaya

Methali "Hujafa hujaumbika" imezoeleka kufasiriwa kuwa ni wito wa kuwahurumia walemavu. Fasiri hiyo si potofu, ila haijakamilika. Anayesemeshwa katika methali hii ni mzima wa viungo. Mlemavu mwenyewe hasemi wala hasemeshwi, bali ni funzo kwa mwenzake. Makala haya yanadai kuwa kukosekana huku kwa nafsi ya kwanza ndiko kiini cha mgogoro wa haki ya kuamua.

Katika Kiswahili, kuamua na kuamulia hutenganishwa na kiambishi kimoja tu cha kutendea. Katika kikao cha ukoo kinachojadili shamba la minazi la urithi, liwe la Malindi au la Kilifi, kiambishi hicho huweza kumpokonya mtu ardhi. Ndugu aliye kiziwi au mwenye maradhi ya akili huenda ameketi palepale mkekani, naye akazungumzwa kwa nafsi ya tatu kana kwamba hayupo.

Sheria iliyoandikwa haikuwa na sarufi tofauti. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliipa mahakama uwezo wa kumteulia mgonjwa wa akili msimamizi wa mali yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, uliipindua sarufi hiyo. Kifungu cha 12 kinamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kuzitaka serikali zimpatie msaada wa kuutumia. Yaani, asiamuliwe, bali asaidiwe kuamua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa upande wake, inajipinga: kifungu cha 54 chataka mlemavu atajwe kwa heshima, ilhali cha 83 chamfungia daftari la wapiga kura aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Amepewa jina jema, akanyimwa sauti.

Hapa ndipo Katama Mkangi, mwandishi wa pwani hiyohiyo, anapofaa kusomwa upya. Riwaya yake ya Walenisi (1995) haihusu ulemavu. Hata hivyo, anwani yake, isomwapo "wale ni sisi", inavunja ukuta baina ya nafsi ya tatu na ya kwanza. Ubinadamu huo ni wa kupongezwa, lakini hautoshi. Ukoo uliokaa mkekani nao husema "sisi tumeamua", na ndani ya "sisi" hiyo "mimi" ya mlemavu ikamezwa. Umoja usiomsikiliza mmoja wake ni namna nyingine ya kumwamulia.

Wahenga walikwisha kutoa kipimo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii, tofauti na ile ya kwanza, inamrudishia neno yule anayekilalia. Fasihi na sheria zitakuwa zimemtendea haki siku atakaposema "nimeamua", na waliomzunguka wakamsaidia kulisema neno hilo pasipo kulisema kwa niaba yake.