Jembe na Mkulima

Msomaji, jembe halilimi peke yake. Ukilitundika ukutani litaliwa na kutu, na shamba litaota magugu. Mfano huu wafaa tukitaka kupima sifa na kasoro za kompyuta darasani.

Mwaka 1986 Uingereza ilitoa mtambo wa kufundishia ulioitwa Domesday. Ulikuwa kompyuta iliyounganishwa na visahani vya picha. Mwanafunzi alichagua ramani au picha aitakayo, nao ukamwonyesha. Ulikuwa wa ajabu, lakini ghali. Haikupita miaka 20 visahani vile vikawa vigumu kusomeka, hali kitabu cha mwaka 1086, ambacho mtambo ulirithi jina lake, chasomeka hata leo. Vyombo huzeeka upesi kuliko maarifa.

Nchini Kenya, mwaka 2013, watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mwaka 2016 vikaanza kufika vishikwambi. Nia ilikuwa njema. Kasoro ninayoiona ni kuwa ahadi ilihesabu vyombo kabla ya kuhesabu walimu.

Sasa tazama kijiji cha Pwani, Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Shule ya sekondari ya Keriko ilikuwa na kompyuta moja, mtandao dhaifu, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia, alikwenda mwenyewe penye intaneti, akakusanya masomo, akayahifadhi, akayaleta darasani. Mwaka 2018, katika maonyesho ya sayansi ya Kenya, wanafunzi wake walionyesha chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Machi 2019, huko Dubai, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1.

Je, twaweza kusema basi kwamba kompyuta moja yatosha? Hasha! Hukumu hiyo ingekuwa dhuluma. Tabichi alishinda licha ya uhaba, uhaba haukumsaidia. Sifa ya mwalimu isigeuzwe kisingizio cha kumnyima vyombo, wala wingi wa vyombo usigeuzwe kisingizio cha kumsahau mwalimu.

Nawe msomaji, ukikaa mbele ya kompyuta, usijiulize tu yaweza kukuonyesha nini. Jiulize wewe utaifanyia kazi gani. Mkulima hodari astahili jembe zuri. Lakini jembe zuri nalo lastahili mkulima.