Darasa la Kwanza Limejaa, la Saba Limepwaya

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mithali hii yatugusa sisi waalimu kila mwaka mpya uanzapo, maana twasifiwa kwa wingi wa watoto tuliowaandika, nasi twaipokea sifa hiyo kwa furaha. Ni wachache waulizao: Je, wale walioandikwa miaka saba iliyopita, leo wako wapi?

Na tuwatazame jirani zetu wa Uganda, kwa kuwa jirani ni kioo. Mwezi wa Januari 1997 serikali yao iliondoa ada katika shule za msingi. Wanafunzi wote, ambao mwaka 1996 walikuwa wapata milioni 3.1, wakawa wapata milioni 5.3. Darasa la kwanza peke yake lilipokea watoto wapata milioni 2.1. Ilipowadia zamu yao ya kuwa darasa la saba, yaani mwaka 2003, waliohesabiwa humo hawakutimia 500,000. Ni kama watoto wawili katika kila tisa.

Watu wakisikia habari hii hujibu upesi. Wengine husema wazazi hawapendi elimu. Wengine husema ni umaskini: ada imeondoka, lakini sare, madaftari na chakula vingali vyataka fedha, tena mvulana atakiwa machungani, na msichana jikoni au kuolewa. Hatusemi kwamba maneno haya ni uongo. Lakini hayatoshi. Kama hiyo ndiyo sababu yote, mbona idadi hushuka sana baina ya darasa la kwanza na la pili? Mtoto wa miaka saba hajaweza jembe, wala hajafika umri wa kuposwa. Na mzazi asiyependa elimu, kwa nini alimleta hapo kwanza?

Twaona kwamba sababu kubwa imo ndani ya darasa la kwanza lenyewe. Mwaka 1997 waliingia humo watoto wa kila umri, hata wakubwa ambao hawakuwa wamepata nafasi ya kusoma. Lakini wakubwa hao walipokwisha pita, msongamano haukwisha. Shule za chekechea zimeachwa mikononi mwa wazazi na watu binafsi, na sheria ya elimu ya mwaka 2008 ikathibitisha jambo hilo. Mwenye fedha humpeleka mwanawe huko. Asiye nazo humleta mtoto wa miaka minne au mitano darasa la kwanza, ingawa umri uliowekwa ni miaka sita, ili akae na dada yake wakati mama yuko shamba. Mtoto huyo hawezi masomo ya wenye miaka sita, basi hurudia, na pengine hurudia tena. Mtoto mmoja huandikwa darasa la kwanza mara mbili au tatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wale tunaowaita wapotevu hawakupotea: tuliwahesabu zaidi ya mara moja.

Je, tufarijike basi? La, hasha! Mtoto aliyekaa miaka mitatu juu ya sakafu ile ile, mbele ya herufi zile zile, amejifunza somo moja barabara, nalo ni kwamba yeye hawezi. Mdogo wake humpita, wenzake humcheka. Umaskini ujapo kumwita, humkuta amekwisha simama mlangoni. Nasi twaandika kwamba mzazi wake hapendi elimu.

Hapa yatupasa kujilaumu wenyewe. Ni nani kati yetu aombaye kufundisha darasa la kwanza? Twagombea darasa la mwisho, kwa kuwa huko ndiko uliko mtihani, na penye mtihani ndipo penye sifa. Watoto wadogo huachiwa mwalimu aliyefika jana, au aliyechoka. Hakuna fundi aanzaye nyumba kwa kuwapa wanagenzi msingi, naye mwenyewe akangojea paa.

Wala sisi wa Tanzania tusijivune. Sera ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, na mwaka 2016 ada zikaondolewa mpaka kidato cha nne. Ni mambo mema sana. Lakini katika miaka iliyofuata, kwenye madarasa ya awali ya serikali, mwalimu mmoja mwenye sifa alikuwa na watoto zaidi ya 100 kwa wastani. Jina la darasa halimfundishi mtoto. Amfundishaye ni mwalimu awezaye kumwona usoni.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, mwalimu hodari kuliko wote katika shule apewe watoto wadogo, naye aheshimiwe kwa kazi hiyo. Pili, tuwahesabu watoto kwa majina yao, mwaka hata mwaka, wala si kwa jumla ya siku ya kwanza. Mchungaji wa Injili hakusifiwa kwa kuwa na kondoo mia. Alisifiwa kwa kuwa alijua kwamba mmoja hayupo, akaondoka kwenda kumtafuta.