Fisi wa Njia Panda na Mgonjwa wa Kweli

Nani katika sisi asiyemjua fisi wa njia panda? Alisikia harufu ya nyama kutoka pande mbili, akashindwa kuchagua, akatia miguu ya kulia njia hii na ya kushoto njia ile, akapasuka msamba. Wazee wetu walikuja nayo hadithi hii kutoka Afrika Mashariki, nasi hapa Maskati twaifunga vile vile: tamaa mbele, mauti nyuma.

Kwa kuonya wenye tamaa ya mali, hatuna ugomvi nayo. Kasoro yake huonekana inapotumiwa kumhukumu mtu anayekula akashindwa kujizuia. Fisi ana njaa na hajifichi. Mgonjwa tunayemzungumzia hula hana njaa, hula haraka mpaka tumbo limuume, hula peke yake kwa haya, na akimaliza hujichukia. Kwenye sinia la pilau na jamaa huenda akamega matonge mawili matatu tu. Usiku, nyumba ikilala, ndipo hurudi jikoni.

Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1959. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa huko waliitambua kuwa ugonjwa unaojitegemea, ukimpata mtu angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, bila ya kujitapisha. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2002 Samir Al-Adawi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana wa hapa Oman, na miongoni mwao walikutwa wenye mwelekeo wa kula namna hiyo.

Kasoro ya pili ni dawa inayotolewa na hadithi: jizuie! Mgonjwa hujaribu hiyo kila siku. Hushinda na njaa kwa kujiadhibu, usiku mwili ukadai haki yake, akarudi pale pale. Matibabu huanza kinyume: kula kwa nyakati maalumu bila ya kuruka mlo, kuandika alichokula na alivyojisikia, na kuzungumza na mtaalamu. Wengi hupata nafuu, na wako wanaopona kabisa.

Hata hivyo, hadithi imepatia jambo moja: fisi hupasuka kwa kuvutwa pande mbili. Mgonjwa naye anataka kuacha, na hawezi. Ila msimulizi hakumleta mtu wa kumshika mkono pale njia panda.

Tuonavyo sisi, ndipo penye kazi yetu. Mlafi, mroho, fisi: maneno yote haya ni matusi, na anayeitwa hivyo huzidi kujificha. Akiambiwa "haya ni maradhi, twende kwa daktari pamoja", huenda akafungua mdomo. Na tukikutana harusini au kwenye futari, salamu zetu zisianze na "mbona umenenepa hivyo?" Watoto wataendelea kusimuliwa fisi wao, mgonjwa tumwachie jina lake.