Maana ya Rangi katika Kurasa za Tovuti: Uhakiki wa Fundisho Moja

Makala haya yanakusudia kulihakiki fundisho liitwalo saikolojia ya rangi, kama wanavyofundishwa wasanifu wa tovuti. Fundisho lenyewe ni jepesi kulieleza. Husemwa kwamba kila rangi ina athari yake maalumu katika nafsi ya binadamu: buluu huleta imani, nyekundu huharakisha, kijani hutuliza, na rangi ya chungwa huchangamsha. Basi msanifu, akiisha kuamua anataka msomaji afanye nini, huchagua rangi katika jedwali kama mganga achaguavyo dawa. Jedwali hilo limekaririwa mno katika vitabu vya mwongozo, hata limekuwa kama kanuni. Sisi tutalitazama kama mhakiki atazamavyo matini yoyote: lasema nini, lamsemea nani, na je, lisemalo ni kweli?

Suala hili si la anasa. Konza, mahali palipo mpakani mwa Machakos, Makueni na Kajiado, yapata kilomita 60 kutoka Nairobi, palijulikana kwa miaka mingi kwa stesheni yake ya reli, ambapo njia ya Magadi huchepuka. Mnamo Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua huko ujenzi wa mji wa teknolojia katika eneo la ekari 5,000. Mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho wanafunzi wake husoma kwa mtandao, kilipewa hati, na makao yake yakawa Konza. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika tovuti ya eCitizen. Kwa hiyo ukurasa wa tovuti sasa ni darasa, tena ni dirisha la ofisi ya serikali. Asiyeweza kuusoma amefungiwa mlango.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yetu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitambaa cheupe, nguo nyeusi, ua jekundu. Rangi nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani yatokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na damu ya mzee haihitaji maelezo. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza, wakadai kwamba lugha huanza na majina ya nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, ndipo nyingine zifuate. Vivumishi vyetu vitatu vyaafikiana vyema na dai hilo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba utafiti huo ulihusu majina ya rangi na mipaka yake. Haukusema kwamba rangi moja huamsha hisia moja kwa watu wote. Wanaoruka kutoka jina hadi hisia wanaruka mto usio na daraja.

Majina yetu yanatufunza jambo jingine. Mswahili aitapo rangi, mara nyingi huutaja ulimwengu ambamo rangi hiyo imeonekana. Rangi haikai peke yake, huja na kitu chake na historia yake. Tutazame mifano.

Mfano wa kwanza ni chungwa. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, Wakenya walipewa alama mbili: ndizi kwa waliokubali, chungwa kwa waliokataa. Chungwa likashinda, na kutoka hapo kikazaliwa chama cha ODM. Tangu wakati huo, rangi hiyo nchini Kenya ina siasa ndani yake. Jedwali litasema kwamba huchangamsha. Huenda ikawa hivyo, lakini kwanza litaulizwa swali: inamchangamsha nani, na kumnunisha nani? Hii ni maana ya rangi ambayo tunaijua hata mwezi wake wa kuzaliwa.

Mfano wa pili ni fedha. M-Pesa ilianzishwa Kenya na Safaricom mwaka 2007, ikavaa kijani cha kampuni hiyo. Mwaka uliofuata ilianzishwa Tanzania na Vodacom, ambayo leo huvaa nyekundu. Huduma ni ileile, jina ni lilelile, na imani itakiwayo kwa mtu akabidhiye akiba yake ni ileile. Kama nyekundu kwa tabia yake ingekuwa ya hatari, watu wa Dodoma wangeikimbia. Hawakuikimbia, kwa kuwa imani ilijengwa na wakala aliyelipa fedha kwa wakati, ndipo rangi ikaja kubeba imani hiyo. Tena kijani, ambacho kwa mtu wa Machakos chaweza kukumbusha kutuma pesa, kwa mtu wa Dodoma chaweza kukumbusha Chama cha Mapinduzi.

Mfano wa tatu ni reli yenyewe. Wapo wasemao kwamba kijani ni ruhusa kwa asili yake. La hasha. Katika reli za Uingereza za karne ya 19, taa nyekundu ilikuwa ya hatari, kijani ilikuwa ya tahadhari, na nyeupe ndiyo iliyoruhusu kupita. Ilikuwa mwishoni mwa karne hiyo kijani kilipopewa kazi ya kuruhusu. Ikiwa amri iliweza kubadili maana ya rangi, basi maana hiyo haikuwa imeandikwa katika mishipa ya binadamu.

Wala rangi haisemi peke yake, husema pamoja na jirani zake, kama neno katika sentensi. Nyeupe ni ya kanzu ya Ijumaa, na nyeupe ni ya sanda. Nyeusi ya kaniki yaweza kuwa ya kazi au ya msiba, lakini nyeusi iyo hiyo, ikikaa na nyekundu na nyeupe katika kisutu, ni ya bibi harusi. Mtu akitaka kutuambia nyeusi ina maana gani, hatuna budi kumuuliza: katika sentensi ipi?

Hata pale wataalamu walipodai athari ya moja kwa moja, ushahidi ulidhoofika. Mwaka 1979 chumba cha mahabusu katika gereza la jeshi la majini mjini Seattle kilipakwa rangi ya waridi kwa dai kwamba hupunguza ukali. Habari zikaenea, magereza mengine yakaiga. Utafiti wa Genschow na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, haukuiona athari hiyo katika seli walizozichunguza.

Je, tuseme basi kwamba rangi haina kanuni yoyote ya jumla? Hapana. Ipo sehemu moja ambapo macho ya watu hushiriki sheria moja, nayo ni mwanga. Miongozo ya kimataifa ya tovuti iliyotolewa na shirika la W3C mwaka 2008 yataka tofauti ya mwanga baina ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Miongozo hiyo yasema pia kwamba rangi isiachiwe peke yake kubeba ujumbe, kwa kuwa wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kosa katika fomu lionyeshwe kwa maneno pia. Sheria hizi hazina mvuto wa jedwali, lakini ndizo zimfaazo mama asomaye simu ndogo yenye kioo chenye nyufa, katika jua la saa saba la nyanda za Konza, akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, yapendwayo kwa umaridadi wake, kwake ni ukurasa mtupu.

Hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa fundisho tunalolihakiki. Limechanganya mambo mawili: mwanga, ambao ni wa macho yote, na maana, ambayo hujifunzwa. Likaipa maana nguvu ya sheria ya maumbile, na sheria ya kweli ya mwanga likaipita kama jambo dogo. Msanifu aliyelelewa na jedwali hilo atajua kwamba buluu ni ya imani, asijue kwamba msomaji wake haoni kitufe.

Vijana watakaofundishwa Konza wanastahili mafunzo mengine. Mwanga waupime kwa hesabu. Maana waitafute kama mwanaleksikografia atafutavyo maana ya neno: kwa watumiaji, katika muktadha, pamoja na mwaka. Kamusi ya rangi za Kenya bado haijaandikwa. Kuikopa ya wengine na kuipa jina la saikolojia ni kumfanya msomaji wetu mgeni katika ukurasa uliotengenezwa nyumbani kwake.