Mita 10 kwa gorila, na kwetu je?

Hapa Kigali huwezi kumkwepa gorila. Yuko kwenye mabango, yuko kwenye vinyago vya kuuzia watalii, na tangu 2005 watoto wake wanapewa majina kwenye sherehe ya Kwita Izina. Vijana ninaofanya nao kazi wanapenda sana kupiga picha kwa simu, na wakitaka kunionyesha "picha kali" wananionyesha uso wa dume mkubwa: macho yanakutazama, nyuma giza tupu. Nataka kuzisema kidogo picha hizo. Nyingi ni nzuri, lakini uzuri wake una jambo unaloficha.

Tuanze na zinavyopatikana. Tangu Mei 2017, mgeni kutoka nje analipa dola 1,500 kuwaona gorila kwenye Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Wanakwenda wageni wasiozidi wanane kwa familia moja, wakiwa na kiongozi, na wakifika wana saa moja tu. Hawasogei karibu zaidi ya mita 10, zamani ilikuwa 7. Mwenye mafua habebwi.

Sasa weka picha kumi za namna hiyo pamoja. Utadhani mpiga picha ni mmoja! Wote wamesimama umbali uleule, kwa saa ileile moja, na kila mmoja amejitahidi kuwakata wenzake saba wasionekane. Ile subira unayoisikia kwenye picha siyo yao hasa. Ni ya wafuata nyayo wanaotangulia asubuhi kutafuta familia ilipolala, na ya wale waliokwenda kukaa nayo kila siku, miaka miwili au zaidi, mpaka ikazoea watu. Mtalii ameikodi subira hiyo kwa saa moja. Si kosa lake. Lakini picha inayomfuta mwenye panga aliyefungua njia imetuambia nusu ya habari.

Linganisha na Bob Campbell, mpiga picha aliyeishi Kenya. Alifika kwa Dian Fossey pale Karisoke mwaka 1968, akafanya kazi naye miaka kadhaa. Mwaka 1970, siku dume kijana aliyeitwa Peanuts alipogusa mkono wa Fossey, Campbell alikuwepo na kamera. Watu wanasema alibahatika. Mimi nasema bahati ilimkuta nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Campbell alikuwa ameshapewa jembe zamani.

Ng'ambo ya mpaka, kule Virunga, kuna picha tatu ambazo kila kijana wetu anazijua, ila wachache wanaziunganisha. Ya kwanza ni ya Brent Stirton, Julai 2007. Senkwekwe, dume la familia ya Rugendo, ameuawa kwa risasi pamoja na majike wa familia yake. Wanaume wengi wamembeba kwenye miti, kifua juu, kama msafara wa mazishi ya chifu. Ni picha kubwa kwelikweli, kwa sababu inakulazimisha kuona uzito: unaona mabega ya watu yalivyoinama. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye biashara ya makala, yaani waliotaka miti ya hifadhi walitaka kuwavunja walinzi moyo.

Ya pili ni selfi ya mwaka 2019. Mlinzi Mathieu Shamavu yuko mbele, nyuma yake Ndakasi na Ndeze wamesimama wima kama majirani waliokuja kupiga soga. Dunia nzima ilicheka. Lakini wale ni yatima wa 2007. Ndakasi alikutwa na umri wa miezi miwili, amemng'ang'ania mama yake aliyekwisha kufa. Ndeze ni wa familia ileile ya Senkwekwe. Wanasimama karibu na binadamu kwa sababu binadamu ndio walezi waliobaki nao. Hakuna mita 10 hapo, na sababu yake ni msiba. Ukicheka bila kujua hilo, picha imekupita.

Ya tatu ni ya Septemba 2021: Ndakasi anakufa, amelala kifuani kwa André Bauma, mlinzi aliyemlea tangu alipookotwa. Stirton tena ndiye aliyepiga, miaka 14 baadaye. Kwangu hii ndiyo bora ya zote. Hapa mtu na mnyama wote wana majina, na picha imejua kurudi.

Na hapo ndipo naidai ile ya kwanza deni. Jina la Senkwekwe limefika kila mahali. Wale waliombeba tunawajua kama "walinzi na wanakijiji", basi. Mwaka huohuo Kivu Kaskazini ilikuwa vitani na watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Wabebaji wale walikuwa wana wa nchi hiyo. Usiku ule walilala wapi? Picha haiulizi, na waliolia nayo hawakuuliza.

Ninyi mnaosoma hapa Mahama, Kiziba na kwingine mnajua ninapoelekea. Mgeni anashuka kwenye gari, kamera shingoni, anamwelekea mtoto aliye kwenye foleni ya maji, hatua mbili tu kutoka usoni, dakika tano amekwisha ondoka. Jina halikuulizwa. Gorila ana kiongozi wa kusema "inatosha, rudini nyuma". Mtoto yule ana nani?

Mtu atasema sheria za gorila ni za magonjwa, siyo za heshima. Kweli. Zinatambua kwamba mgeni mwenye nia njema anaweza kuua kwa pumzi yake. Picha nayo ina pumzi. Wapo kati yetu waliokimbia watu wanaowafahamu kwa sura, na sura ikishatoka kambini hairudi.

Kwa hiyo naomba, hasa kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuchukue sheria za mlimani tuzilete kambini. Kikundi kidogo. Kiongozi mkaaji wa kambi, mwenye haki ya kusema hapana na akasikilizwa. Jina liandikwe, au lifichwe, kadiri mwenyewe atakavyo. Na picha irudi: aliyepigwa aione kabla ya dunia.

Kwa vijana wangu nina ombi jingine. Ninyi hamhitaji kukodi subira, mnayo. Mnakaa na watu hawa kila siku, mnajua nani anaamka saa kumi na moja kuwahi maji na nani anaimba akifua. Pigeni picha hizo. Mtalii hata akilipa dola 1,500 hawezi kuzipata.