Nani Anamwinda Nani? Nafsi ya Kwanza na Hofu katika Mfululizo wa S.T.A.L.K.E.R.

Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili huuliza mapema ni nani anayesema "mimi" katika matini, na anasema akiwa wapi. Swali hilo halijaulizwa vya kutosha mbele ya michezo ya video, ingawa upo utanzu mzima wa michezo hiyo unaojitambulisha kwa nafsi hiyo hiyo. Katika mchezo wa ufyatuaji wa nafsi ya kwanza, mchezaji haoni uso wa mhusika wake. Huona mikono miwili, mtutu wa bunduki na dunia iliyotandazwa mbele yake. "Mimi" imekuwa jicho na kidole. Kwa kawaida nafsi hiyo haina doa: adui ametambulishwa tangu mwanzo, na kumuua ndiko kusonga mbele.

Mfululizo wa S.T.A.L.K.E.R., uliobuniwa na studio ya GSC Game World ya Kyiv, Ukraine, hauipi nafsi hiyo raha ya namna hiyo. Una michezo minne mikuu: Shadow of Chernobyl (2007), Clear Sky (2008), Call of Pripyat (2009) na S.T.A.L.K.E.R. 2: Heart of Chornobyl (2024). Yote inatendeka katika eneo lililohamwa kuzunguka kinu cha nyuklia cha Chernobyl, ambako tanuri namba 4 lililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Kesho yake mji wa Pripyat, uliokuwa na wakazi karibu 50,000, ulihamishwa kwa mabasi. Juu ya tukio hilo la kweli wabunifu wamejenga la kubuni: mlipuko wa pili, uliozaa Ukanda wenye mitego isiyoonekana, wanyama waliogeuka umbo, na vitu vya ajabu vinavyouzwa kwa bei kubwa nje. Wanaoingia humo kinyume cha sheria kuvitafuta ndio mastalka.

Nasaba ya kazi hii ni ya kifasihi. Neno lenyewe na wazo la Ukanda vinatoka katika riwaya ya ndugu Arkady na Boris Strugatsky, Pikiniki Kando ya Njia, ya mwaka 1972, ambayo Andrei Tarkovsky aliifanyia filamu mwaka 1979. Katika riwaya, Ukanda ni takataka zilizoachwa na wageni kutoka angani. Katika filamu, ni mahali penye chumba kinachotimiza matamanio. Riwaya na filamu zote mbili zilitangulia ajali ya 1986. Historia ilipokuja kuleta Ukanda wa kweli, wenye uzio na walinzi, lugha ya kuuelezea ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mchezo umechukua vyote vitatu, riwaya, filamu na ajali, ukavifanya mandhari moja.

Msuko wa Shadow of Chernobyl ni mfupi kuusimulia. Mtu anaokotwa katika mabaki ya lori la kubebea maiti. Hakumbuki jina lake. Mkononi ana chale ya herufi S.T.A.L.K.E.R., na katika kifaa chake cha kumbukumbu kuna agizo moja tu: muue Strelok. Mchezaji anaanza kuuliza habari za Strelok kwa wafanyabiashara, kwa wanajeshi, kwa wanasayansi. Anafuata nyayo zake hadi maficho yake chini ya ardhi. Hatimaye anagundua kwamba Strelok ni yeye mwenyewe. Waliompa agizo walimkamata bila kumtambua, wakampandikizia amri ya kumwinda mtu ambaye tayari walikuwa naye mikononi.

Huu ni msuko wa kale, wa mtu anayechunguza kosa na kujikuta ndiye mkosaji. Kilicho kipya ni jinsi nafsi ya kwanza inavyotumika. Msomaji wa riwaya humtazama mhusika akijiwinda; mchezaji ndiye aliyekubali agizo, ndiye aliyeuliza njia, na ndiye aliyefyatua risasi kwa kila aliyemzuia. Clear Sky inakaza fundo hilo. Hadithi yake inatangulia ile ya kwanza, na mchezaji sasa ni Scar, mamluki anayemfukuza Strelok. Mwisho wake ni kumlenga Strelok kwa bunduki na kuuvunja uwezo wake wa kujikinga, na tendo hilo ndilo linalomwacha bila kumbukumbu mwanzoni mwa mchezo wa 2007. Aliyekwisha kucheza wa kwanza anafyatua risasi akimlenga "mimi" wake wa jana. Katika Call of Pripyat, nafsi ni Meja Degtyarev, ofisa wa usalama wa taifa aliyejifanya stalka ili achunguze kuanguka kwa helikopta za jeshi. Hivyo mfululizo umepitisha nafsi moja katika nafasi tatu: mwindwa, mwindaji, na serikali inayokuja kuandika ripoti. Wasomaji wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, ambamo msimulizi wa nafsi ya kwanza hutangatanga katika mahali pasipo na ramani, hawatakuwa wageni kabisa humu.

Hofu ya mfululizo huu inatokana na uchumi wake wa uhaba. Bunduki iliyochakaa hukwama katikati ya mapambano. Risasi huhesabiwa. Njaa huuma, na mkate hutafutwa. Mbele ya uwanja mtupu wa nyasi, stalka hutupa bolti na kusikiliza: ikipita salama, anapiga hatua, hewa ikitetemeka na bolti ikarushwa kando, anajua mauti yamesimama hapo. Kipima mionzi kinatatarika mfukoni kama mdudu. Hakuna zimwi linaloogopesha kuliko ule uwanja mtupu, kwa sababu zimwi linaonekana.

Sehemu inayothibitisha hayo ni maabara iitwayo X-18, iliyo chini ya ardhi. Mchezaji anashuka ngazi akiwa na tochi. Kwa muda mrefu hakuna wa kumpiga risasi. Kuna milango ya chuma, mlio wa mashine usiojulikana utokako, na vyombo vinavyonyanyuka na kurushwa na kitu kisichoonekana. Mtu aliyezoea kujibu kila tishio kwa bunduki anajikuta na bunduki isiyo na jibu. Hapo ndipo utanzu unapojihukumu: chombo pekee ambacho nafsi hii imepewa cha kuzungumza na dunia kinanyamazishwa, na kinachobaki ni mtu mwenye tochi gizani.

Hukumu kubwa zaidi iko mwishoni mwa mchezo wa kwanza. Katikati ya Ukanda, ndani ya kinu chenyewe, limesimama jiwe linalosemekana kutimiza matakwa. Mchezaji anadhani ataulizwa anataka nini. Haulizwi. Mchezo umekuwa ukiyatazama matendo yake muda wote, fedha alizolimbikiza, sifa aliyojijengea, viongozi aliowaua, nao unamchagulia matakwa kutokana na hayo. Aliyejilimbikizia mali anaona sarafu zikimiminika kutoka juu; kumbe ni vyuma vya dari linaloporomoka na kumfukia. Aliyetaka Ukanda utoweke anapofuka macho, hivyo kwake yeye umetoweka. Aliyetaka kuishi milele anageuka sanamu ya chuma. Mjini Pripyat, huko nyuma, zilikuwapo njia za kumwezesha kulikwepa jiwe na kuujua ukweli, lakini mwenye haraka ya kufika huzipita. Ni nadra utanzu huu kumwambia mteja wake waziwazi kwamba tamaa yake inasomeka katika mwenendo wake, naye hana haki ya kuikana dakika ya mwisho.

Hata hivyo, kazi inayomhukumu mchezaji kwa ukali kiasi hicho nayo haina budi kuhukumiwa. Swali zito ni la watu waliohamishwa. Svetlana Alexievich, mwandishi wa Belarus aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alichapisha mwaka 1997 kitabu cha sauti za walionusurika na ajali hiyo, kikianza na mjane wa askari wa zimamoto. Kila sauti humo inasema "mimi", na "mimi" hiyo ni ya mtu aliyepoteza mume, ng'ombe, bustani, kijiji. Katika michezo mitatu ya mwanzo, nafsi ya kwanza ni ya anayeingia, kamwe si ya aliyetolewa. Wanawake karibu hawaonekani kabisa, ilhali wengi wa wale waliorudi kuishi katika vijiji vilivyokatazwa walikuwa bibi wazee. Vyumba vya Pripyat vimechorwa kwa uaminifu wa kustaajabisha, lakini vimekuwa maghala ya risasi na dawa. Gurudumu kubwa la bembea, lililopangwa kufunguliwa tarehe 1 Mei 1986, limekuwa alama ya mandhari tu. Ukimya huu ndio udhaifu mkubwa wa mfululizo, kwa kuwa unaugeuza msiba wa jamii kuwa majaribu ya mwanamume mmoja mmoja.

Kuna ukimya mwingine, nao unawagusa wasomaji wa Kiswahili wa Katanga. Vitu vinavyookotwa Ukandani vinauzwa kwa mfanyabiashara aliyejifungia handakini, kisha vinatoka kwenda kwa wanunuzi ambao mchezo hauwaonyeshi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe. Mgodi huo ulipoachwa, wachimbaji wadogo waliuingia kwa mikono yao kutafuta kobalti, hadi serikali ilipoamuru ufungwe mwaka 2004. Mastalka wa kweli wamekuwapo, na walizungumza Kiswahili. Kinachowatofautisha na Strelok ni kwamba hawakupewa nafasi ya kupakia upya walipokufa.

Mchezo wa nne umekuja baada ya historia kuingilia kati kwa mara ya pili. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yalikiteka kinu cha Chernobyl, yakakaa humo zaidi ya mwezi. Sehemu ya studio ilihamia Prague. Baadhi ya waliowahi kuufanyia kazi mfululizo walikwenda vitani, na wapo waliouawa. Jina la mchezo likabadilishwa kutoka tahajia ya Kirusi, Chernobyl, kuwa ya Kiukreni, Chornobyl, na sauti za Kirusi zikaondolewa. Uamuzi huo hauwezi kupuuzwa na yeyote ajuaye uzito wa lugha. Michezo ya mwanzo ilikuwa imelowa Kirusi: hata katika toleo la Kiingereza, vichekesho vya mastalka kando ya moto viliachwa bila kutafsiriwa, na mgeni aliota moto akisikiliza kicheko asichokielewa. Kilichopotea hapo ni halisi, na sababu ya kukiacha kipotee ni halisi zaidi.

Kiufundi, mchezo wa 2024 ulitoka ukiwa na kasoro, hasa katika mfumo unaopaswa kuwapa viumbe wa Ukanda maisha yao wenyewe. Mara nyingi maadui waliibuka karibu na mchezaji kama walioshushwa na kamba, na studio ilikiri tatizo ikaanza kulirekebisha. Kasoro hiyo inagusa maudhui, kwa sababu hofu ya michezo ya mwanzo ilitokana na hisia kwamba dunia inaendelea hata mchezaji akigeuka. Dunia inayomngoja atazame ndipo itende inamrudishia ukuu ambao mfululizo ulikuwa umemvua.

Kwa ujumla wake, mfululizo huu umefanya jambo ambalo utanzu wake hulikwepa: umeifanya bunduki ielekee kwa anayeishika. Haujawapa nafasi wenye nyumba, na pengo hilo halizibwi na uzuri wa nyasi wala na ukweli wa kuta. Lakini anayemaliza Shadow of Chernobyl bila kuulizwa anataka nini, akajikuta amekwisha kujibu, hatalisoma tena neno "mimi" kwa wepesi.