Rureke angefaulu mtihani wa kuingia?

Mimi ni mwanakilimo. Lisanse yangu ni ya agronomia. Mambo yangu ni udongo, mbegu na magonjwa ya migomba. Mutaniuliza: sasa wewe, muziki unakuhusu nini? Unanihusu juu wadogo zetu wa Masisi na Walikale wanaomaliza humanite pedagojike wananiuliza kila mwaka wasome nini chuo kikuu. Nikiwaambia kuna vyuo vinavyofundisha ualimu wa muziki, wanacheka. "Kaka, kuimba nako ni masomo?" Kicheko hicho ndicho nataka tukichunguze hapa, maana si cha watoto peke yao. Sisi wenye diploma tuko nacho pia.

Tuanze na darasa lenyewe. Programu ya shule ya msingi ya Kongo iko na saa ya wimbo. Kila aliyepita humanite pedagojike anakumbuka fishi yake ya somo la wimbo: unaandika maneno ubaoni, unaeleza maneno magumu, unaimba wewe, watoto wanarudilia mstari kwa mstari, kisha benchi kwa benchi, kisha wote. Nusu saa imeisha. Sasa jiulize mtoto amejifunza nini. Amejifunza maneno. Sauti ilipanda fasi gani, pigo lilikuwa la mbili ao la tatu, jirani yake aliimba juu ao chini yake: hakuna aliyemuuliza. Ni somo la kusoma lililovaa nguo ya wimbo. Na juu mtihani wa ENAFEP hauulizi wimbo, mwisho wa mwaka ukikaribia, ile saa inapewa hesabu.

Simlaumu mwalimu. Anafundisha alichopewa. Lawama yangu iko kwetu sisi tuliosoma, juu tumekubali picha moja tu ya mwalimu wa muziki: mtu wa mjini, anayesoma noti, aliye na piano. Picha hiyo ikikaa kichwani, Masisi haiwezi kutoa mwalimu wa muziki wala haiwezi kumpokea. Lakini hiyo ni picha ya mwanamuziki fulani wa fasi fulani. Mwalimu wa muziki ni mtu anayeingia katika darasa la watoto 70 na mikono mitupu, na wakitoka, masikio yao yanasikia kitu ambacho hayakusikia asubuhi. Mfano wa mtu wa namna hiyo tuko naye Walikale, ndani ya kitabu ambacho wengi wetu tunakitaja bila kukifungua.

Mwaka 1956, kwa Wanyanga, mtu mmoja jina lake Candi Rureke aliimba na kusimulia habari za Mwindo kwa siku 12. Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliandika kila alichosema. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, *The Mwindo Epic*, juu yake majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, naye Mnyanga. Leo Mwindo, yule mtoto aliyezaliwa anatembea na kusema, aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, anasomwa katika vyuo vya mbali kama kazi kubwa ya fasihi. Ni heshima, nashukuru. Lakini heshima hiyo imetufanya tumpokee Mwindo kama kitabu, na yeye hakuzaliwa kitabu.

Soma maelezo ya utangulizi, utaona. Rureke alikuwa anaimba, anasimulia, anaigiza, anacheza. Mkononi alishika kibuyu cha kutikisa. Kando yake vijana walipiga ufito mkavu uliolazwa juu ya vijiti vidogo, na waliitikia nyimbo pamoja naye. Wasikilizaji nao hawakukaa kimya kama sisi kwenye konferansi: waliitikia, walimtia moyo, walimtunza zawadi.

Mimi nikisoma pale, macho yangu yanaenda kwa wale vijana wa ufito. Hao walikuwa shuleni. Kijana anashika pigo, hawezi kuliacha juu mzee anasimama juu yake. Akiwa anashika pigo anaitikia, na akiwa anaitikia anasikia habari ileile mara nyingi, mpaka siku moja mmoja wao ataweza kukishika kibuyu. Kazi ya mikono, sikio, sauti, kisha hadithi. Ukiwapa maprofesa wa pedagojia mpango huo bila kusema umetoka msituni, watausifu.

Iko na jambo lingine. Biebuyck anaeleza kwamba Rureke hakuwa na desturi ya kutoa habari nzima mfululizo. Kwa kawaida aliimba kipande, siku nyingine kipande kingine. Habari ilitolewa nzima juu mgeni aliiomba nzima. Mwalimu yeyote ataelewa maana yake: Rureke alijua kugawa somo kwa kipimo cha wanaosikiliza. Sisi tunaita hiyo didaktiki, na tunailipia karo.

Sasa tufikiri tu: Rureke anafika mbele ya waamuzi wa chuo cha muziki, wanamwekea karatasi ya noti na wanamwonyesha piano. Atafeli. Na atakayempita ni kijana aliyefundishwa piano nyumbani mjini, ambaye ukimpa darasa la Nyabiondo bila umeme na bila kitabu hatajua aanze wapi.

Lakini tusidanganyane pia. Wako wanaopenda kusema chuo hakina maana, wazee wanatosha. Hapana. Kitabu cha 1969 kimetuletea maneno ya nyimbo za Rureke. Mtoto wa leo akikifungua hawezi kuziimba kama alivyoziimba yeye. Maneno yalipata mwandishi aliyefundishwa, sauti haikupata wake. Noti, na leo rekodi ya simu, ni kama ghala la mbegu: haikulishi yenyewe, lakini mwaka wa njaa bila ghala huna cha kupanda. Kwa hiyo mwalimu wa muziki anahitaji chuo kikuu, na anahitaji kujua kuandika anachosikia. Mzozo wangu ni juu ya mlango: noti iwe kitu unachotoka nacho, isiwe kitu cha kukuzuia kuingia. Mtu anaweza kujifunza noti akiwa mkubwa. Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na watu wazima wasiojua vyombo vile, wakifundishana, wakipokezana vyombo vichache. Leo inajulikana duniani.

Kwetu mlango wenyewe uko mbali. Chuo cha taifa cha sanaa, INA, kiko Kinshasa. Toka Goma ni zaidi ya kilomita 1,500 angani, na tangu vita iingie Goma mwezi wa kwanza 2025, hata njia ya ndege ya Goma ilikatika. Nani wa Pinga ao wa Mweso atauza ng'ombe wa familia ili aende kufanya mtihani wa piano ambayo hajawahi kuigusa?

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Kenya iko na vyuo vikuu, kama Kenyatta na Maseno, vyenye idara za muziki, na mwanafunzi wa ualimu anaweza kuchukua muziki kuwa somo lake la kufundisha. Shuleni, mtihani wa KCSE wa muziki uko na karatasi tatu: moja ya kuimba ao kupiga, moja ya kusikiliza, moja ya historia na uchambuzi, ambamo muziki wa Kiafrika umo. Tena kuna mashindano ya muziki ya mashule tangu 1927, na nyimbo za makabila zinaimbwa jukwaani. Sisemi kwao mambo yote ni mazuri. Nasema kule sikio linaulizwa kwenye mtihani, basi sikio linafundishwa. Zanzibar nako, chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, kiliwaweka mabingwa wa taarab kuwa walimu. Bingwa hakuombwa kwanza alete diploma.

Katika kazi yangu mambo ya namna hii tunayajua. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001. Majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina unatoka ute. Ushauri wa kwanza wa wataalamu ulikuwa kung'oa kisiki kizima na machipukizi yake yote. Kisayansi hakukuwa na kosa. Lakini mama mwenye jembe moja hawezi kuchimba visiki shamba zima, na ndizi hizo ndizo chakula na karo ya watoto. Wengi waliacha. Baadaye utafiti, ambao sehemu yake ilifanyika hapa Kivu pamoja na wakulima, ulionyesha kwamba ukikata kila shina lenye ugonjwa mapema, bila kuchoka, na panga ukilisafisha, ugonjwa unashuka na shamba linabaki. Ushauri ulishuka mpaka kwenye nguvu ya mkulima, ndipo ukafanya kazi. Piano ni kile kisiki. Tukisema bila piano hakuna ualimu wa muziki, tumesema jambo linaloonekana kubwa, na hakuna atakayelifanya.

Basi napendekeza nini? Kwanza, ma-ISP yetu ya Kivu yafikirie kuunganisha muziki na somo lingine, kama vile Kifaransa na lugha za Kiafrika, ili mwalimu asikose kazi. Pili, mtihani wa kuingia uwe wa sikio: imba ulichosikia, shika pigo wakati mwingine anakuvuruga, fundisha watu watano wimbo kwa dakika kumi. Kijana wa korali ya parokia ao ya CBCA atafaulu pale. Tatu, staji ya mwanafunzi isiishie kwenye shule ya mji. Miezi miwili akae karibu na mzee Mhunde ao Mnyanga, ajifunze kuitikia kabla ya kuongoza, na arudi na nyimbo tano alizoziandika yeye mwenyewe, maneno na sauti. Hizo nyimbo tano ziwe sehemu ya memwari yake. Promosio moja ya wanafunzi 20 itatuletea nyimbo 100. Hiyo ni programu ya shule ya msingi imejaa tayari, na hakuna aliyenunua piano.

Najua kuna atakayesema: Masisi-Centre ilichukuliwa mwezi wa kwanza 2025, Walikale-Centre mwezi wa tatu, watu wamelala njiani, wewe unatuletea muziki. Nalielewa neno hilo, familia zetu ziko humo. Lakini tuangalie vita inafanya nini kwa jambo lenyewe. Anayekimbia hachukui vitabu. Anachukua watoto na anachokumbuka. Na nyimbo zetu nyingi ni za kuitikiana. Kijiji kikitawanyika, mwimbaji anabaki huku, waitikiaji wako kule, na wimbo wa kuitikiana hauwezi kuimbwa na mtu mmoja. Fasi ambapo watoto wa vijiji tofauti bado wanakusanyika kila asubuhi ni shule, hata ikiwa chini ya hema. Pale anahitajika mtu anayejua kuwapa pigo na kuwafundisha kuitikia. Asipokuwepo, Mwindo atabaki kwenye maktaba za Marekani, na sisi tutaendelea kujivunia kitabu.

Kwa hiyo nyinyi wenye sauti katika ma-ISP, lileteni jambo hili kwenye baraza la idara. Na nyinyi wengine wote wenye simu, mukimpata mzee anayejua nyimbo, musimrekodi akiwa peke yake. Mutafutieni vijana watatu na ufito mkavu, na waitikie.